Safari ya Msuka, Tujipange Mapema

Akina mama wapendwa, kikundi chetu cha kanisani kinadunduliza pesa za kutembea Pemba, hadi Msuka, kaskazini kabisa. Ya kuona yapo: msitu wa Ngezi, popo wakubwa wasiopatikana kwingine duniani, mchanga mweupe wa Vumawimbi, na mnara wa taa wa Ras Kigomasha.

Lakini kwanza bahari. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake. Mamia walikufa, watoto wakiwemo. Basi mhazini asikimbilie nauli ndogo. Mkiona watu wamebanana hadi ngazini, shukeni, nauli na ipotee. Mimi niliwahi kuona haya kushuka peke yangu, nikasafiri roho mkononi hadi nchi kavu. Nikajilaumu, mimi niliyeacha watoto nyumbani.

Anayechafukwa na bahari ameze dawa saa moja kabla, si chombo kikishaanza kuyumba. Mjamzito aulize kliniki kwanza.

Toka bandari ya Mkoani hadi Konde ni kuvuka kisiwa kizima kwa gari, kusini hadi kaskazini, kwa hiyo tulale huko, na vyandarua vyetu. Wenyeji ni Waislamu; kila mmoja achukue khanga mbili, na kaptura zibaki nyumbani (wako wanaozifungasha!). Ramadhani tusiende. Mhazini anataka majina Jumapili hii.