Upepo wa Marsabit Ni Poa, Lakini Wenye Ardhi Waliulizwa?

Mse wangu, ukinunua tokeni leo, kuna stima kwa hiyo laini inatoka Loiyangalani, Marsabit. Mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ilizinduliwa rasmi Julai 2019. Hakuna moshi, hakuna dizeli. Hadi hapo, safi sana.

Sasa cheki ardhi. Mradi ulipewa ekari 150,000. Kaunti nzima ya Nairobi ni kama ekari 172,000, kwa hivyo ni kama mtu apewe Nairobi yote, abakishe mitaa kadhaa tu. Na mitambo yenyewe inakalia kipande kidogo! Hapo ndipo Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo wamekuwa wakichunga mifugo na kutafuta maji tangu zamani. Ndio maana mwaka wa 2014 wakaaji wakaenda kortini.

Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru ikasema hati zilitolewa kinyume cha sheria. Hiyo ilikuwa ardhi ya jamii iliyowekwa chini ya baraza la kaunti, na hatua za kuitenga hazikufuatwa. Wahusika wakapewa mwaka mmoja warekebishe. Mwaka ukaisha bila bila. Mei 2023 korti ikakataa kuwaongezea muda.

Kuna wasee watakushow ati wafugaji wanapinga maendeleo. Wacha hizo. Kesi ilikuwa ya hati, si ya upepo. Na ngori haimpati mfugaji pekee. Mwekezaji aliyemwaga mabilioni juu ya hati mbovu ako kwa shida ile ile ya mtu aliyenunua ploti Kitengela akaambiwa karatasi ni feki.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilikuja kuziba hilo pengo. Mwekezaji akitaka ardhi ya jamii, lazima mkutano uitwe na theluthi mbili ya watu wazima wa hiyo jamii wakubali. Lakini kama ardhi haijasajiliwa, bado kaunti ndiyo inaishikilia kwa niaba yenu. Hapo ndipo mchezo huanzia.

Na hapa ndipo wewe unaingia. Mtu mzima ni wa miaka 18. Kama ocha yenu ni Isiolo, Kajiado, Samburu ama Turkana, unahesabiwa kwa hiyo theluthi mbili hata kama unalala Kayole. Usipokuwa kwa mkutano, kuna mtu atabonga kwa niaba yako, na huenda keshaonjeshwa doh.

Kwa hivyo wiki hii pigia mzee ama shosho simu. Usiulize mvua tu. Uliza kama ardhi imesajiliwa, kamati ni ya kina nani, na jina lako kama liko kwa orodha. Kama haliko, hiyo ndiyo safari yako ya kwanza nyumbani, kabla gari la mwekezaji lifike.