Kanuni Kwanza, Kompyuta Baadaye

Kati ya michoro yote inayotengenezwa kwa kompyuta, iko aina moja inayostahili kuangaliwa na walimu wa sayansi na hisabati kabla hata ya wachoraji. Katika aina hiyo msanii hachori umbo lenyewe. Huandika kanuni chache, aghalabu zilizotokana na jinsi mimea inavyokua, ndege wanavyoruka au seli zinavyogawanyika, kisha huiachia mashine izifuate kanuni hizo mara elfu nyingi mpaka umbo lijitokeze. Sanaa hiyo yaweza kuitwa sanaa ya kanuni. Miongoni mwa maonyesho ya mwanzo kabisa ya michoro ya kompyuta ni yale yaliyofanyika mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1965. Baadaye sanaa hiyo ilifungamana na utafiti wa kile kiitwacho uhai wa kuundwa, ambao wataalamu wake walikutana Los Alamos, Marekani, mwaka 1987, katika mkutano ulioitishwa na Christopher Langton.

Watazamaji wengi wa michoro hiyo huustaajabia mtambo, na hapo ndipo wanapoanza kupotoka. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa; na katika sanaa hii kilichoundwa ni kanuni, wala si kioo kinachong'aa. Kanuni zenyewe ni chache, zaeleweka, na nyingi zaweza kufuatwa kwa penseli na karatasi ya miraba. Kwa hiyo shule isiyo na kompyuta haina sababu ya kungoja. Nayo shule iliyo na kompyuta ina sababu kubwa zaidi ya kuanzia kwenye karatasi.

Miraba na vizibo

Mfano ulio mwepesi kuliko yote ni mchezo uliobuniwa na mwanahisabati Mwingereza, John Conway, na kutangazwa na Martin Gardner katika gazeti la Scientific American, toleo la Oktoba 1970. Uwanja wake ni karatasi ya miraba. Kila mraba ama ni hai ama ni mfu, nao una majirani 8. Mraba hai wenye majirani hai 2 au 3 huendelea kuishi. Wenye pungufu ya hao hufa kwa upweke, na wenye zaidi ya hao hufa kwa msongamano. Mraba mfu wenye majirani hai 3 kamili huzaliwa. Hakuna kanuni nyingine.

Matokeo yake hayalingani na ufupi wa kanuni. Miraba hai 3 iliyopangwa kwa mstari husimama, ikalala, ikasimama tena, bila kikomo. Miraba 5 iliyopangwa kwa namna maalumu hujigeuza, na baada ya vizazi 4 hurudia umbo lake la awali ikiwa imesogea mraba mmoja kwa mshazari. Mtazamaji aweza kuapa kwamba ni mdudu anayetambaa. Miraba mingine 5, kwa mpangilio tofauti, huzua vurugu isiyotulia mpaka kizazi cha 1103. Katika kanuni hamkuandikwa neno "tambaa" wala neno "tulia". Tabia hizo zimezaliwa na ujirani tu.

Yafaa ikumbukwe kwamba Conway na wenzake waliuchunguza mchezo huo kwanza kwa kupanga vipande juu ya ubao wa Go, mchezo wa kale wa mashariki ya Asia. Kompyuta ilikuja kuharakisha hesabu ambayo misingi yake ilikuwa imekwisha kueleweka. Kete za bao, mbegu za mbuyu au vizibo vya chupa za soda vingeifanya kazi ile ile.

Mmea ulioandikwa kwa herufi

Mwaka 1968 mwanabiolojia Aristid Lindenmayer, mzaliwa wa Hungaria, alitafuta njia ya kueleza ukuaji wa viumbe ambavyo seli zake zimepangana kwa mstari, kama ilivyo kwa baadhi ya miani. Alitumia herufi. A ni seli iliyokomaa, nayo katika hatua inayofuata huwa AB. B ni seli changa, nayo huwa A. Kuanzia A moja hupatikana AB, kisha ABA, kisha ABAAB, kisha ABAABABA. Mwanafunzi akizihesabu herufi za kila hatua atapata 1, 2, 3, 5 na 8, na hatachelewa kutambua kwamba, kuanzia ya tatu, kila idadi ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Biolojia na hisabati, ambazo kwenye ratiba ya shule zina vipindi mbalimbali, hapo zimekutana katika mstari mmoja wa daftari.

Baadaye herufi hizo ziligeuzwa kuwa amri za kuchora. Huanzwa na kijiti kimoja kilichosimama. Kijiti hicho huondolewa, na mahali pake huwekwa vipande 5: vitatu hufuatana kwenda juu, kimoja huchipuka upande wa kushoto, na kimoja upande wa kulia. Kanuni hiyo hiyo hutumiwa tena kwa kila kipande kipya. Baada ya hatua 5 kijiti kimoja kimekwisha kuwa vipande 3125, na juu ya karatasi pana kitu kinachofanana na gugu la shambani. Lindenmayer alifariki mwaka 1989. Kitabu alichokiandika pamoja na Przemysław Prusinkiewicz, kilichotoka mwaka 1990, kiliwapa wasanii na wataalamu wa mimea chombo kimoja cha kazi.

Kundi lisilo na kiongozi

Mkulima aliyewahi kuliona kundi la kwelea kwelea likipinda juu ya shamba la mtama kana kwamba ni mwili mmoja amekwisha kujiuliza ni nani anayelitolea amri. Mwaka 1986 Craig Reynolds, huko Marekani, alionyesha kwamba kundi la namna hiyo laweza kuigizwa bila mtoa amri yeyote. Kila ndege wa kuchorwa alipewa kanuni 3: asiwagonge walio karibu naye, aelekee wanakoelekea na kwa kasi yao, na asijitenge na kundi lao. Hakuna aliyepewa ramani ya safari, wala hakuna aliyejua umbo la kundi zima. Hata hivyo, kundi lilipinda, likagawanyika penye kizuizi na kuungana tena. Njia hiyo ilitumika kuwachora popo katika filamu ya Batman Returns ya mwaka 1992.

Kufanana si kuthibitisha

Hapa yafaa kutoa onyo, kwa maana uzuri wa picha hizo huweza kumpotosha hata mtu mwenye elimu. Mchoro ukifanana na ndege haifuati kwamba ndege halisi huzitii kanuni zile zile. Kanuni mbili tofauti zaweza kuzaa umbo moja. Msanii akitosheka na kufanana hana kosa, lakini mwanasayansi hana ruhusa ya kuishia hapo.

Mfano mzuri ni nadharia ya Alan Turing. Mwaka 1952 alieleza kwamba kemikali mbili zinazoathiriana na kuenea kwa kasi tofauti zaweza kufanya madoa na mistari vitokee mahali ambapo mwanzoni palikuwa na usawa mtupu. Kwa kuitumia nadharia hiyo zilichorwa picha nyingi zilizofanana na ngozi za chui na za punda milia. Uzuri wa picha hizo haukuwa ushahidi. Mwaka 1995 Shigeru Kondo na Rihito Asai wa Japani waliwachunguza samaki wa jamii ya Pomacanthus, jamii ambayo inapatikana pia katika matumbawe ya pwani ya Afrika Mashariki. Hesabu zilibashiri jinsi mistari ya samaki itakavyosogea na kupangika upya kadiri anavyokua. Samaki wenyewe walipofuatiliwa, mistari ikasogea kama ilivyobashiriwa. Thamani ya kazi hiyo ni kwamba picha haikuachwa ijisifu yenyewe. Ilipelekwa kwa kiumbe ili kiumbe kitoe hukumu.

Kwa sababu hiyo hiyo neno "hai" katika mchezo wa Conway lisichukuliwe zaidi ya linavyostahili. Mraba hai hauli, haupumui, wala hautafuti chochote. Ni jina tu la upande mmoja wa kizibo. Mwalimu akilieleza jambo hilo mapema atakuwa amewakinga wanafunzi wake dhidi ya maneno mengi matupu yanayosemwa juu ya mashine.

Nani msanii?

Wapo wanaodai kwamba, iwapo mashine ndiyo iliyochora, basi hapana sanaa wala msanii. Hoja hii husahau kazi mbili ambazo mashine haikuzifanya: kuitunga kanuni na kuyachagua matokeo. Mwaka 1993, katika Centre Pompidou mjini Paris, Karl Sims aliwawekea watazamaji picha zilizozalishwa kwa fomula. Mtazamaji alisimama mbele ya picha iliyompendeza. Picha zilizochaguliwa zikazaa, fomula zake zikichanganywa na kubadilishwa kidogo, zisizochaguliwa zikatoweka. Utaratibu huo ni ule ule wa mkulima anayetenga mahindi bora kwa ajili ya mbegu za mwaka ujao. Shamba huzalisha, lakini jicho la mkulima ndilo linaloamua kitakachopandwa.

Ushahidi mwingine ni maisha ya Vera Molnár, aliyezaliwa Hungaria mwaka 1924 na kufanya kazi Ufaransa mpaka alipofariki mwaka 2023. Tangu mwaka 1959 alijiwekea kanuni za kuchorea na kuzifuata kwa mkono, hatua kwa hatua, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye mashine. Kompyuta aliipata mwaka 1968. Kwa miaka ile 9 ya kati hakuwa ameketi akingoja mtambo. Alikuwa akifanya kazi ile ile kwa mwendo wa polepole.

Jambo hili lina uzito wa pekee wakati huu. Siku hizi zimeenea programu ambazo mtu huziandikia sentensi moja nazo zikamtolea picha. Programu hizo zimefunzwa kwa picha nyingi mno zilizochorwa na kupigwa na watu wengine, na kanuni zake zimefichika katika wingi wa namba ambao hapana mtu awezaye kuusoma kama anavyosoma kanuni za Conway. Mwanafunzi anayeanza na programu hizo hupata picha bila kupata sababu yake. Hatimaye huizoea kompyuta kama vile mtu amzoeavyo mpiga ramli: huuliza, hujibiwa, na huamini. Si lazima programu hizo zipigwe marufuku. Lakini zisiwe mlango wa kwanza wa kuingilia, kwa kuwa aliyeingia kwa mlango huo hatajua kwamba nyuma ya kila jibu ipo kanuni, na kwamba kanuni yaweza kuhojiwa na kubadilishwa.

Kazi ya darasani

Huenda ikasemwa kwamba hayo yote ni anasa, na kwamba nchi zenye upungufu wa maabara na vitabu zina mahitaji makubwa zaidi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kazi yenyewe ingekuwa na gharama. Kinachohitajika ni ubao wa miraba 20 kwa 20 na vizibo vya kutosha. Jambo moja tu liangaliwe: majirani wa kila mraba wahesabiwe na alama ziwekwe kwanza, ndipo vizibo viondolewe na kuongezwa kwa pamoja. Wanaokosea hatua hiyo hupata mchezo mwingine kabisa. Mahali pasipo na vizibo, wanafunzi 36 wasimame uwanjani katika mistari 6 ya watu 6. Kila mmoja ahesabu majirani waliosimama, na kwa filimbi moja wote wachuchumae au wasimame kama kanuni inavyowataka.

Baada ya hapo sayansi yenyewe yaweza kuanza. Mwalimu abadili namba moja katika kanuni, kisha wanafunzi waandike ubashiri wao kabla ya kugusa kizibo chochote. Ubashiri ukishindwa, watafute sababu. Mwalimu wa biolojia awatume nje wakachunguze jinsi matawi ya mwarobaini au ya mpera yanavyochipuka, wapime pembe zake, watunge kanuni ya kuuchora, kisha waulinganishe mchoro na mti. Mahali mchoro unapokosana na mti pana somo kubwa kuliko mahali vinapopatana.

Kazi za namna hiyo zikifanywa, kila picha ya kompyuta itakayoletwa mbele ya wanafunzi itakabiliwa na maswali matatu: kanuni yake ni ipi, nani aliyeichagua, na kiumbe halisi kinasemaje. Kijana aliyezoea kuuliza hayo akiwa na vizibo mkononi atayauliza pia siku atakapopewa kompyuta, na mashine haitampata akiwa mtazamaji tu.