Kuvaa koti jeupe si kuwa daktari

Je, msomaji, umewahi kumeza dawa kwa sababu tu ulimwona mtu aliyevaa koti jeupe akiisifu kwenye runinga? Ikiwa umewahi, nakuomba unisikilize kwa makini, kwani huenda mtu huyo nilikuwa mimi. Nami si daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa, na somo ninalofundisha ni Hisabati.

Mambo yenyewe yalianza Jumamosi moja ya likizo ya Agosti mwaka 2016. Mwalimu mkuu alinipigia simu akaniomba niende shuleni nikawafungulie darasa wageni kutoka Nairobi waliotaka kupiga picha za tangazo la biashara. Nilidhani kazi yangu ni kufungua mlango, kukaa chini ya mwembe hadi wamalize, kisha nifunge na kurudi nyumbani. Kumbe mtu aliyekodiwa kuigiza kama daktari alikuwa amekwama ng'ambo, kwenye foleni ya kivuko cha Likoni. Ilipofika saa tano na jua limeshakuwa kali, mkuu wa wapigaji picha alinitazama miwani yangu, akatazama na mvi zangu, kisha akasema, "Mwalimu, daktari wetu ni wewe."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Baada ya dakika chache nilikuwa nimevishwa koti jeupe na kutundikiwa shingoni kile kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo. Nilipewa maneno machache ya kusema: kwamba maumivu ya viungo yasimsumbue mtu, ameze vidonge viwili aendelee na kazi yake. Maneno hayo niliyarudia zaidi ya mara ishirini. Mara kunguru walipiga kelele juu ya mabati, mara jasho lilinichuruzika, mara ilisemekana sikutabasamu vya kutosha. Hata vile vidonge nilivyoonyesha kiganjani havikuwa dawa. Vilikuwa peremende nyeupe, kwa vile walisema zinaonekana vizuri zaidi kwenye picha.

Jioni nililipwa pesa zilizotosha karo ya muhula mzima ya mwanangu aliyekuwa kidato cha pili. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha tele. Hakuna aliyeniuliza kama nilijua lolote kuhusu dawa ile. Na mimi pia, kwa aibu yangu, sikuuliza.

Tangazo lilipoanza kuonyeshwa, maisha yangu yalibadilika. Wanafunzi walianza kuniita "Daktari". Mama anayeniuzia mchicha alikataa pesa zangu siku moja, akanionyesha mguu wake uliovimba. Akina mama wawili walinijia nyumbani usiku na mtoto mwenye homa. Wote niliwaambia waende zahanati, lakini nakiri kwamba sikukana kwa nguvu inayostahili. Sifa ni tamu, na mtu akishaitwa daktari sokoni, ni vigumu kusimama na kutangaza kwamba alikuwa ameshika peremende.

Kisha likatokea jambo lililonitoa furaha yote. Katika mtaa wetu kulikuwa na mzee fundi seremala, umri wake ukiwa umepita miaka 70. Magoti yalikuwa yakimsumbua kwa muda mrefu. Alinunua vidonge vile dukani, akawa anameza viwili viwili, mara tatu kwa siku, kwa muda wa wiki sita hivi. Mara nyingi alivimeza asubuhi kwa chai kavu. Tena alikuwa akitumia aspirini aliyopewa kliniki kwa ajili ya moyo, wala hakuona haja ya kumweleza mwenye duka. Alipoanza kupata choo cheusi kama lami alifikiri ni chakula. Siku ya tatu alipatwa na kizunguzungu akaanguka karakanani mwake. Hospitalini aliongezwa damu, na madaktari walipopitisha mpira mwembamba wenye kamera hadi tumboni walikuta kidonda kinachotoa damu.

Nilikwenda kumjulia hali. Nilipoketi kando ya kitanda chake nilimwambia, "Mzee, unanijua miaka yote hii. Wajukuu wako nimewafundisha mimi. Ulijua kwamba mimi si daktari."

Alinitazama kwa muda, akanijibu kwa upole, "Nilijua, Mwalimu. Lakini nilisema, mwalimu hawezi kusimama mbele ya watu akasema jambo asilolijua."

Msomaji, tangu siku hiyo nimelifikiria sana jibu hilo. Nilikuwa nikijifariji kwamba kosa ni la watu wanaodanganywa na koti. Kumbe mzee yule hakudanganywa na koti, bali alidanganywa na imani aliyokuwa nayo kwangu. Mungu alimjalia akapona.

Nilimwomba daktari wa kweli anieleze kilichotokea, naye alinieleza kwa lugha nyepesi. Dawa za jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na aspirini hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini zinazoleta uchungu na uvimbe. Lakini kemikali za aina hiyo hiyo ndizo zinazosaidia kuulinda ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali yake. Dawa inapozizuia kwa siku nyingi, ukuta ule hubaki bila kinga, ukachubuka na hata kutoa damu. Hatari huongezeka kwa wazee, kwa waliowahi kuugua vidonda vya tumbo, kwa wanywaji pombe, na kwa wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Anayechanganya dawa mbili za jamii hii, kama alivyofanya mzee wetu, hujizidishia hatari. Dawa hizo pia zaweza kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Mama mjamzito hafai kuzitumia bila ushauri wa daktari.

Kwetu sisi watu wa pwani kuna jambo jingine. Mombasa imewahi kukumbwa na homa ya kidingapopo mara kadhaa, ukiwemo mlipuko wa mwaka 2013. Homa hiyo huleta maumivu makali ya viungo, yale yale niliyoambiwa niyataje kwenye tangazo. Lakini mgonjwa wa kidingapopo hatakiwi kumeza aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa zaweza kumzidishia kuvuja damu. Fikiria basi ni wangapi wenye homa wanaoweza kulitazama tangazo kama langu na kutii.

Sisemi kwamba dawa hizi ni sumu. Zikitumiwa inavyofaa, kwa kipimo chake na kwa muda mfupi, zimewasaidia mamilioni. Wala sisemi kwamba kila anayeumwa kichwa apange foleni hospitalini. Najua nauli ilivyo ghali na jinsi foleni zilivyo ndefu. Wenye viwanda nao husema kwamba matangazo huwafahamisha watu dawa zilizopo, na hilo lina ukweli wake. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya kumfahamisha mtu na kumvisha mwalimu wa Hisabati koti la daktari. Koti lile halikuongeza habari yoyote kuhusu dawa. Liliwekwa ili mtazamaji asiulize swali. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dawa iliyo nzuri haihitaji daktari wa bandia.

Tatizo hili si la Kenya pekee. Kule Marekani, katika miaka ya 1980, mwigizaji aliyejulikana kwa kuigiza daktari katika mchezo wa runinga alitumiwa kutangaza dawa ya kikohozi, huku mwenyewe akikiri katika tangazo hilo hilo kwamba si daktari. Hata hivyo, nchi nyingine zimechukua hatua. Nchini Uingereza, kanuni za dawa za mwaka 2012 zinakataza matangazo ya dawa kwa umma yenye mapendekezo ya wanasayansi, wahudumu wa afya au watu mashuhuri. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo wa maadili ya kutangaza dawa mwaka 1988, likionya dhidi ya kutumia vibaya wasiwasi wa watu kuhusu afya zao.

Hapa kwetu tunayo Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ambayo inakataza kuitangazia umma dawa kuwa inaponya magonjwa kama saratani, kisukari, kifua kikuu na kifafa. Hiyo ni sheria nzuri. Maoni yangu ni kwamba tuongeze hatua moja. Mtu asiye daktari asivishwe koti la daktari katika tangazo la dawa, awe anajulikana au hajulikani. Na onyo la dawa lisomwe kwa sauti na kwa mwendo ule ule unaotumika kutoa sifa, badala ya kuandikwa kwa herufi ndogo zinazopita kabla mtu hajatafuta miwani. Bibi asiyejua kusoma naye ana haki ya kusikia onyo.

Wakati tukisubiri hayo, msomaji, jilinde mwenyewe. Kwanza, unapokwenda kununua dawa, nenda kwenye duka la dawa lenye mfamasia aliyesajiliwa, na umweleze dawa nyingine zote unazotumia, hata zile ulizozizoea. Pili, soma jina la dawa yenyewe iliyomo ndani, wala si jina la biashara lililoandikwa kwa rangi za kuvutia. Vidonge vya majina mawili tofauti vyaweza kuwa na dawa ile ile, nawe ukameza maradufu bila kujua. Hata parasetamoli, ambayo wengi huiona kuwa dawa ya mchezo, mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ikizidi huharibu ini. Na kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua huwa nayo ndani.

Tatu, usimpe mtoto aspirini kwa sababu ya homa. Nne, mwenye homa apimwe, kwani malaria haiponywi na vidonge vya maumivu. Tano, maumivu yanayorudi kila siku kwa zaidi ya wiki moja yanataka uchunguzi, hayataki pakiti nyingine. Na ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu au kitu kinachofanana na machicha ya kahawa, usingoje kesho. Kimbilia hospitali.

Mwaka uliofuata, watu wale wale walinipigia simu tena. Safari hii ilikuwa dawa ya kikohozi cha watoto, na malipo yalikuwa yameongezwa. Sitajifanya malaika, msomaji. Mwanangu alikuwa ameingia kidato cha tatu na karo ilikuwa inadaiwa. Niliomba siku moja ya kufikiri. Jioni hiyo nilipita karakanani kwa yule mzee nikamkuta anapiga randa taratibu, ameketi kigodani kwa sababu ya magoti. Alinikaribisha kwa furaha, akaniita Mwalimu. Kesho yake niliwapigia simu nikakataa, na karo nikailipa kidogo kidogo.

Kwa hiyo, utakapoliona koti jeupe kwenye runinga leo usiku, jiulize swali moja tu. Huyu aliyelivaa, ukidhurika, atapatikana wapi? Daktari wako ana zahanati na mfamasia wako ana duka, nao wote wawili wana majina katika daftari la serikali. Mimi nilikuwa na peremende mbili kiganjani, na kabla jua halijatua nilikuwa nimelivua koti na kulirudisha kwa wenyewe.