Faiba Si Bando Tu: Uzi Huu Unapima Sumaku, na Sisi Pwani Tunautazama Tu

Leo hakuna trendi, hakuna umbea. Leo nataka tubishane kuhusu waya.

Kila wiki mtaani utawaona vijana juu ya nguzo wakivuta faiba. Mtopanga wapo, Magongo wapo, ukivuka feri Likoni wapo. Sasa muulize yeyote anayepita pale chini: hii faiba ni ya nini? Jibu ni moja, intaneti. Wai-fai. Video isikwamekwame. Mimi nasema hilo ni nusu ya jibu, na nusu ya pili ndiyo inatupita hivi hivi mchana kweupe. Faiba inaweza kupima. Inapima joto, inapima mtikisiko, na inapima sumaku.

Wacha nieleze hiyo ya sumaku maana ndiyo watu hawaamini.

Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na ndani yake unapita mwanga. Mwanga ni mtetemo. Shika kamba ya kuanikia nguo, mwenzako ashike mwisho wa pili, uitikise juu chini: mawimbi yatamfikia yakiwa bado yanaenda juu chini. Mwanga nao uko hivyo, una upande wake wa kutetemeka. Sasa ukipita ndani ya kioo, na nguvu ya sumaku iko njia ile ile unayoelekea mwanga, upande ule unapinda. Uliingia wima, unatoka umeinama kidogo. Sumaku ikizidi, nao unazidi kuinama. Ukipima umeinama kiasi gani, umeijua sumaku. Basi, siri yote ni hiyo.

Aliyeligundua hili ni Michael Faraday, Uingereza, mwaka 1845. Baba yake alikuwa mhunzi, na yeye mwenyewe alianza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu. Chuo kikuu hakukanyaga. Naitaja hiyo makusudi, kwa sababu mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilitushinda, na kuna watu wakiona nimeandika mambo ya sayansi wanauliza "kwani wewe nani?" Haya, jibu ndilo hilo.

Turudi kwa waya. Umeme ukipita kwenye waya, unazungukwa na sumaku pande zote. Kwa hivyo ukiuzungusha uzi wa faiba kwenye waya mkubwa wa stima, mwanga utakuambia ni ampea ngapi zinapita. Hujakata waya, hujaugusa. Mpindo wenyewe ni mdogo mno: ampea 1,000 kwa mzunguko mmoja, tukitumia mwanga ule ule wa intaneti ya mbali, hazifikishi hata sehemu ya kumi ya digrii. Lakini ukizungusha faiba mara mia, mpindo nao unaongezeka mara mia. Ukiweka kioo cha kurudisha mwanga ulikotoka, haufutiki, unakuwa maradufu. Viwanda vya kuyeyusha aluminiamu vinatumia vifaa vya aina hii kupima mikondo inayofika mpaka ampea 500,000. Hiyo si ndoto ya maabara, ni kazi ya kila siku.

Najua fundi mmoja ameshaanza kucheka: "Kijana, mita za kawaida zipo, na ni bei nafuu." Kweli kabisa. Kwa transfoma ya mtaa wako, koili ya kawaida inatosha, sibishani. Lakini panda juu kwenye volteji kubwa, zile laini zinazopita Rabai na Kipevu. Huko kifaa cha kawaida ni chuma, shaba na mara nyingi mafuta ndani, na kikiharibika kinaweza kulipuka. Kioo hakipitishi umeme. Anayesoma anakaa mbali, salama. Tena sisi wa pwani tunajua chumvi ya bahari inavyokula chuma.

Halafu kuna hili, na ndilo lililonifanya niandike. Faiba nyingine iko huko juu tayari. Kwenye laini nyingi kubwa za stima, ule waya wa juu kabisa wa kukinga radi una faiba ndani yake. Kenya Power yenyewe inakodisha faiba za laini zake kwa kampuni za mawasiliano. Radi ikipiga waya ule, mkondo unapita, sumaku inaruka, na mwanga ndani ya faiba unapinda ghafla. Wahandisi nchi za nje wameshaonyesha kwamba mpindo huo unasomeka. Yaani uzi uliobeba video yako unaweza pia kusema radi imepiga saa ngapi, na ukisomwa pande zote mbili, imepiga wapi.

Baharini ni vile vile. TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Mwezi wa pili 2012, meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini iliangusha nanga na kukata TEAMS, intaneti ikalegea nchi nzima. Kwa wengi wetu kebo za chini ya bahari zinakuwa habari siku zimekatika tu. Wenzetu wanazisikiliza zikiwa nzima. Google na watafiti wa Caltech walitazama mwanga wa kebo iitwayo Curie, inayotoka Los Angeles mpaka Chile, wakaona matetemeko ya ardhi humo ndani. Matokeo yalichapishwa 2021. Hawakuongeza kifaa kipya baharini. Mashine ya mwisho wa kebo inapima mpindo wa mwanga tayari, maana bila hivyo haiwezi kusoma data. Zile namba kwa kawaida zinatupwa tu.

Zinatupwa! Na kebo zinatua huku kwetu.

Basi msimamo wangu ni huu. Kampuni inayotaka kutua kebo mpya pwani yetu, leseni iiambie itoe zile namba za mpindo wa mwanga kwa vyuo vya ufundi na vyuo vikuu vya hapa. Hatuombi meseji za watu; ndani ya namba hizo meseji hazisomeki. Kama wanajeshi wa majini pale Mtongwe wana wasiwasi kuhusu usalama, namba zitolewe zikiwa zimechelewa mwezi. Tetemeko la mwezi jana bado linafundisha.

La pili, wale vijana wa nguzoni. Wanajua kuunga faiba, wanajua kutumia kile kifaa kinachorusha mwanga na kusema waya umekatika mita ngapi kutoka hapa. Huko tayari ni kupima kwa faiba! Amebakisha hatua moja tu afike kwa sumaku, na hakuna anayemfundisha hatua hiyo. Analipwa kwa siku, kazi ikiisha anarudi maskani. Kesho kampuni ikihitaji mtu wa kusoma mwanga wa laini ya Mombasa, atashushwa mgeni uwanja wa ndege Moi, na kijana wa Chaani ambebee ngazi.

Bandari tuliibebea mizigo miaka na miaka, hesabu zikifanywa na wengine. Hii ya mwanga nayo tukiwa wa kubeba tu, tusije tukalia baadaye. Wewe uliye mwalimu wa fizikia, fundi wa faiba, ama mwakilishi wadi unayesoma hapa usiku, niambie: nani anaanza?