Kitanda Kikue Pamoja na Mtoto



Katika nyumba zetu nyingi, sebuleni mna viti vyenye mito, meza iliyotandikwa kitambaa cha maua, na kabati la vioo lenye vikombe visivyonywewa chai ila siku ya mgeni. Lakini ukiuliza watoto hulala wapi, utaonyeshwa mkeka uliokunjwa nyuma ya mlango. Hatusemi haya ili kumwaibisha mtu. Fedha ni chache, watoto ni wengi, nao hukua upesi kuliko mshahara. Ndiyo sababu juma hili twataka kueleza jinsi baba na mama wenye kipato kidogo wawezavyo kuwainua watoto wao wote kutoka chini, bila kununua kitanda kipya kila baada ya miaka mitatu.

Tuanze na sababu. Sakafu ya udongo ina wakaaji wake. Katika nyufa zake hujificha papasi, ambaye usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala, na kwa kuuma kwake huleta homa ya kurudiarudia, ile iitwayo kimputu. Mwaka 1905, huko Kasongo katika Maniema, mganga Mwingereza Joseph Everett Dutton alifariki kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza. Yeye na mwenzake John Lancelot Todd walionyesha, hapa hapa Kongo, kwamba papasi ndiye mwenye kuieneza. Yupo tena funza wa sakafuni, mdudu asiyeweza kupanda: humnyonya damu alalaye chini, lakini alalaye juu ya kitanda hampati. Basi kitanda si pambo. Matendegu yake, yaani miguu yake, ni kinga ya mtoto. Nacho kiwekwe mbali kidogo na ukuta, maana papasi hukaa hata katika nyufa za ukuta. Na nyufa hizo zizibwe.

Wazazi wengi wenye nia njema hulipa mara tatu. Mtoto akiachishwa ziwa, hununuliwa kitanda kifupi cha sentimeta 120, kilichopakwa rangi ya kupendeza. Sasa tupime. Mtoto aliyelishwa vema hufikia kama sentimeta 95 akiwa na miaka 3, kama 115 akiwa na miaka 6, na akiwa na miaka 12 hukaribia 150. Maana yake, kile kitanda kizuri kitamfaa miaka michache tu, kisha miguu yake itagonga ubao. Hapo hununuliwa cha pili, na baadaye cha tatu. Na kila kitanda chataka godoro la kipimo chake. Wahenga walisema kweli: rahisi huvunja upishi.

Shauri letu ni hili: mtoto akishatoka katika kitanda cha uchanga, apewe mara moja kitanda cha urefu wa mtu mzima, sentimeta 190 kwa 90. Nafasi inayobaki miguuni haipotei. Wadogo wawili waweza kulala humo mzungu wa nne, kichwa cha mmoja upande wa miguu ya mwenzake, mpaka watakapokua. Kwa yule mdogo, ubao mfupi ufungwe ubavuni asianguke, akizoea, uondolewe.

Mkienda kwa seremala, agizeni mambo manne. Kwanza, mifumbati, yaani mbao ndefu za ubavuni, ifungwe kwenye matendegu kwa bolti, isipigiliwe misumari. Hivyo kitanda hufunguka siku ya kuhama, na kikilegea hukazwa tena. Pili, matendegu yawe manene na imara, nayo yatobolewe tundu juu na chini, ili baadaye kitanda kingine kiweze kupandishwa juu yake na kushikwa kwa pini za chuma. Tatu, chaga zikaribiane, godoro lisizame kati yake. Nne, vitanda vyote viwe vya kipimo kimoja, ili godoro lolote na shuka yoyote vifae popote. Mulombwa wa Katanga na libuyu ya Kivu ni mbao za kudumu, lakini bei yake ni kubwa. Kwa chaga, mkaratusi uliokauka watosha. Mbao mbichi msizikubali, hata bei ikipendeza, kwa kuwa hujipinda na bolti hazishiki tena.

Tuchukue nyumba moja kwa mfano. Mna msichana wa miaka 9, wavulana wa miaka 7 na 4, na mtoto mchanga. Je, vyahitajiwa vitanda vinne? La. Kwa sasa vyatosha viwili: cha msichana, na cha wavulana wakilala mzungu wa nne. Mtoto mchanga abaki chumbani mwa wazazi, katika kitanda kidogo cha kuazima kwa shangazi au kwa mama mdogo, ambaye wake hawakihitaji tena. Kitanda cha namna hiyo kingepaswa kuzunguka katika ukoo mzima, wala si kila nyumba kununua chake. Baada ya miaka miwili huagizwa kitanda cha tatu, nacho hupandishwa juu ya kile cha wavulana. Mkubwa hulala juu, mdogo chini. Kitinda mimba, akiwa wa kike, hulala na dada yake. Akiwa wa kiume, hulala chini na kaka yake mdogo. Vitanda vitatu tu, na hata kimoja hakikutupwa. Wa kike na wa kiume wanapokaribia miaka 10 watengwe. Kama chumba ni kimoja, hata pazia zito juu ya waya huwapa staha yao.

Lakini kubana matumizi kusivuke mpaka wa usalama. Mtoto mchanga asilazwe kati ya ndugu zake, kwa maana aliyelala usingizi mzito hajui anapogeuka amemlalia nani. Alazwe chali, juu ya godoro gumu lililo sawa, bila mto. Fito za kitanda chake zikaribiane, nafasi isipite sentimeta 6, kichwa kisije kikanaswa. Katika kitanda cha ghorofa, juu asilale mtoto aliye chini ya miaka 6. Ukingo wa juu uzidi godoro kwa sentimeta 16 au zaidi, pande zote; tena ngazi ifungwe kabisa. Godoro nene mno huufanya ukingo kuwa mfupi: hapo unene si faida.

Fedha zikiwa haba, tufuate utaratibu huu: chandarua kwanza, kisha matendegu na chaga, kisha godoro, rangi na nakshi ziwe za mwisho. Mbu waletao malaria huuma hasa usiku, na kitanda kizuri kisicho na chandarua huwa ni meza yao. Chandarua kilichotiwa dawa kikifuliwa kianikwe kivulini, maana jua hupunguza nguvu ya dawa. Nacho kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kwa kunguni, maji yanayochemka yamwagwe katika maungio ya mbao, kisha kitanda kianikwe juani. Na kwa mtoto anayekojoa kitandani, tandikeni karatasi ya plastiki chini ya shuka. Godoro litapona, na mtoto hatakuwa na sababu ya kurudishwa mkekani kama aliyefungwa jela.

Neno moja kwa akina baba. Mgeni akibisha hodi jioni, ni desturi yetu njema kumpa mahali pazuri pa kulala. Lakini mara nyingi mtoto ndiye anayeshushwa sakafuni, na mgeni akikaa mwezi, mtoto naye hukaa chini mwezi mzima. Mgeni ameheshimiwa, na zahanati imepata mteja. Si lazima iwe hivyo. Usiku huo ndugu wawili walale tena mzungu wa nne, kitanda kimoja kibaki wazi, wala hakuna wa kuteremka chini. Ukarimu ulipwe na nyumba nzima, usilipwe na mdogo peke yake.

Nanyi wanafunzi mnaojifunza useremala, kitanda cha namna hii ni kazi ifaayo mikono yenu. Wadogo zenu watakilalia miaka mingi baada ya alama zenu za shule kusahauliwa.

Basi, wazazi, kabla ya kwenda kwa fundi, chukueni uzi jioni ya leo, mpime kila mtoto tangu utosini hadi nyayoni. Kisha ongezeni miaka 10 kichwani mwenu. Kipimo hicho cha pili ndicho cha kumpelekea seremala.