Kiangazi chenye Miito Miwili

BARAZANI, na Shabani Mwinyimvua

Ifikapo mwezi wa Julai, mahindi ya masika yakiwa yamekwisha vunjwa na ukungu umekwisha jitenga na vilele vya Lupanga na Kimhandu, wazee wa Uluguru huanza kutuma salamu mijini kuwaita vijana wao, kwa sababu kuna tambiko la ukoo, kuna mwali atakayetolewa, na kuna nguruwe mwitu ambao wamevamia mihogo na lazima wasakwe. Sheria ya nchi nayo kwa muda mrefu imeufungua msimu wa uwindaji tarehe 1 Julai. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo ya mpira. Vilabu husajili Julai, Ligi Kuu huanza Agosti au Septemba, na vyuo vyetu vikifunguliwa mnamo Oktoba au Novemba, timu za wanafunzi hujipanga upya na kuanza mazoezi yasiyomsamehe mtoro. Basi kijana wa Tchenzema au Kinole aliyejaliwa mguu wa mpira na akili ya masomo hujikuta katikati ya miito miwili, mmoja wa mjomba wake na mmoja wa nahodha wake, na yote miwili ina haki.

Mintarafu ya jambo hili nimezungumza na wazazi, nimezungumza na wanafunzi, na nimewasikia walimu wa mazoezi wakilalamika kwamba vijana wa milimani hupotea kila Jumamosi. Waliolalamika wamelitazama jambo upande mmoja tu. Ili tujue ni kitu gani kijana anaombwa akiache, yafaa tukijue kwanza kitu chenyewe.

Usasi wa milimani, kama nilivyousikia kwa wazee wa Mgeta na kama nilivyouona utotoni, haukuwa kazi ya mtu mmoja mwenye bunduki, bali ulikuwa kazi ya jamaa nzima wenye nyavu na mbwa. Wavu ulisokotwa kwa katani, ukatundikwa darini juu ya moshi wa meko ili mchwa na panya wasiuguse, na siku ya kusaka ulishushwa alfajiri, ukatandazwa uani, ukakaguliwa tundu kwa tundu, na palipokatika pakashonwa kabla jua halijapanda. Mbwa walivishwa njuga shingoni, ili aliye ng'ambo ya korongo ajue kwa sauti mnyama amekimbilia wapi. Vijana wadogo walifuatana na mbwa wakipiga makelele, watu wazima wakajificha kimya nyuma ya wavu wameshika mikuki, na mzee mmoja, aghalabu mjomba mkubwa, ndiye aliyekuwa na amri, wala hakuna aliyethubutu kuondoka mahali alipowekwa, hata kama mnyama alionekana kwingine. Mawindo yakipatikana, ugawaji ulikuwa na kaida yake: fungu la mwenye wavu, fungu la mwenye mbwa, fungu la aliyetia mkuki wa kwanza, kisha mafungu ya wajane na wazee ambao hawakutoka majumbani mwao. Mtoto aliyetumwa kupeleka fungu kwa mjane alijifunza njia ya nyumba ile, na yule mjane akamjua yeye ni wa nani.

Hapo ndipo penye kiini cha habari. Mluguru ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ya ukoo hupita kwa upande wa mama, na mwenye kauli juu ya ardhi hiyo ni mjomba, si baba. Kijana hugawiwa shamba kwa sababu anajulikana, na hujulikana kwa sababu alionekana kwenye tambiko, kwenye msiba, kwenye usasi na kwenye kutolewa kwa mwali. Aliyeitwa mwaka wa kwanza asije, akaitwa wa pili asije, akaitwa wa tatu akatuma fedha kwa simu, hahesabiwi kuwa mkosefu, ila polepole uso wake husahaulika. Na siku atakaporudi na shahada yake kuomba mahali pa kujenga, atakuta wazee wanaulizana ni mtoto wa nani. Walimu wa mpira hawalijui hili. Wao huona kijana amekwenda kula nyama, kumbe amekwenda kuilinda nasaba yake.

Sasa niseme wazi, kwa sababu sitaki mtu ayatumie maneno yangu kama kibali. Usasi wa zamani hauwezi kurudi kama ulivyokuwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 1974, na baada yake ile ya 2009, zimeweka leseni na adhabu, na msitu wa juu, ambao tangu mwaka 2008 ni hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 24,000, si mahali pa wavu wala pa mkuki. Humo anaishi minde, mnyama wa jamii ya paa ambaye haonekani popote duniani isipokuwa katika milima michache ya Tanzania. Humo kuna ndege wasiopatikana nje ya Uluguru. Na humo yanaanzia maji ya Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam. Moto wa wawindaji, unaowashwa katika nyasi kavu za Septemba ili kuwatoa panya na ndezi, umekwisha panda mara nyingi hadi kwenye msitu, na kila aliyekulia chini ya milima hii ameuona usiku ukitambaa kama ushanga mwekundu mabegani mwa mlima. Moto huo haumo katika mila ninayoitetea.

Lililobaki kwa halali bado ni kubwa. Upande wa kusini, katika nchi ya Ukutu inayopakana na Selous ya zamani, mradi wa uhifadhi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajerumani uliviwezesha vijiji kupata mgawo wa wanyama kwa ajili ya kitoweo. Askari wanyamapori wa vijiji waliingia porini kwa idhini, na nyama ikauzwa kijijini kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliimudu. Na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa jumuiya ya JUKUMU, inayotunza malihai ya Ukutu hadi leo. Huku milimani kumebaki kazi ya kuwazuia nguruwe mwitu na ngedere wasiangamize mashamba, kazi ya usiku na ya mapambazuko, inayohitaji watu wengi na mbwa wengi, na inayotakiwa kufanywa kwa kuwaarifu maofisa wanyamapori. Katika vijiji vya Waislamu nguruwe akiuawa huachwa, au hupewa jirani Mkristo anayemhitaji, na sijapata kusikia ugomvi juu ya hilo. Tambiko nalo lipo, na ngoma ya mwali ipo.

Nigeukie mpira, ambao naupenda kwa dhati. Mji wa Morogoro ulikuzwa na kazi. Reli ya kati iliufikia mwaka 1907, mashamba ya mkonge yakaleta watu kutoka kila upande, viwanda vikafuata, na watu hao ambao hawakuwa na ukoo mmoja wala lugha moja walikutana kazini na uwanjani. Tazama majina ya timu zetu: Reli, ambayo wapenzi wake waliiita Kiboko ya Vigogo kwa jinsi ilivyowatia hofu wakubwa wa Dar es Salaam, Tumbaku, Polisi, na Mtibwa Sugar ya Turiani, iliyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1999, ikaurudia mwaka 2000, na ikachukua kombe la shirikisho mwaka 2018. Haya yote ni majina ya kazi, na mtu aliyetoka Kigoma au Songea akiwa hana mjomba hapa, aliipata timu ikawa jamaa yake. Nimewaona watu wazima wakitoka Uwanja wa Jamhuri baada ya kushindwa wakitembea kimya hadi Msamvu, na nikajua kwamba simanzi ile ilikuwa ya kweli.

Timu ya chuo ina jambo jingine juu ya hilo. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzishwa mwaka 1984, kikapewa jina la Waziri Mkuu aliyefariki mwezi wa Aprili mwaka huo huo katika ajali ya gari, katika mkoa huu huu. Na Waislamu nao wana chuo kikuu chao hapa mjini. Vyuo hivi vinakutana viwanjani, na siku ya kukutana hakuna anayeuliza kabila la mlinda mlango. Kijana wa Tchenzema husimama ulinzini pamoja na Mhaya na Mmakonde, huwategemea nao humtegemea, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hupata ndugu ambao hakuzaliwa nao. Ni neema kubwa katika umri ule, na mjomba asiyeiona thamani yake humkosea mpwa wake kama vile mwalimu wa mpira anavyomkosea.

Wapo waungwana wasemao kwamba hakuna mgongano hata kidogo, kwa kuwa mpira ndio usasi wa leo: una watu kumi na mmoja wenye nafasi zao, una amri, una mawindo. Siafiki. Usasi haukuwa na watazamaji. Aliyekuwapo alishiriki, na aliyekuwa mgonjwa nyumbani alipelekewa fungu lake. Mpira una mshangiliaji ambaye furaha yake ni halali lakini hapeleki fungu kwa mjane yeyote. Tena timu huchaguliwa, na aliyeichagua aweza kuiacha bila kumdhulumu mtu, ilhali ukoo haukuchaguliwa na hauachwi. Tukisema kimoja kimechukua mahali pa kingine, tutakuwa tumemruhusu kijana asirudi kwao tena, kwa hoja kwamba Jumamosi amekwisha timiza wajibu wake uwanjani. Wajibu huo haujatimizwa. Mtu hutakiwa ayabebe mapenzi haya mawili pamoja, kila moja kwa mizani yake, na ugumu wa kuyabeba usifichwe kwa maneno matamu.

Kwa hiyo nasema na wazee kwanza, kwa taadhima. Siku ya tambiko haishuki mbinguni; ninyi ndio mnaoipanga, na mara nyingi mnaipanga mkiwa mmekaa barazani wiki moja kabla. Mpira una nguvu juu yenu kwa sababu ratiba yake huandikwa na kubandikwa ukutani, na ya kwenu hukaa vichwani. Pangeni mapema, mwezi mmoja au miwili mbele, mpige simu kwa vijana, mwulize kama kuna mechi, na mwepuke siku ile ikiwezekana. Kusogeza tambiko kutoka Jumamosi moja hadi nyingine hakuwapunguzii mizimu heshima yao.

Kwa walimu wa mazoezi nina ombi moja. Kijana akisema amefiwa, mnampa ruhusa bila kuuliza, na mnafanya vyema. Akisema ameitwa na ukoo, mnamwona mvivu. Matokeo yake vijana wamejifunza kuwafisha bibi zao walio hai, na bibi mmoja wa Nyandira alipata kupigiwa simu ya rambirambi juu ya kifo chake mwenyewe. Uongo wa namna hiyo huwavunjia heshima walio hai, na anayeusababisha ni yule asiyetaka kuusikia ukweli. Mpeni ruhusa ya siku mbili kwa msimu, iwe na jina lake, naye atawapa ninyi mechi zote zilizobaki kwa moyo mweupe.

Na vijana wenyewe, mabinti na wavulana, kwa maana siku hizi mabinti nao wanacheza, na ni wao ambao ukoo wa Kiluguru unaendelea kupitia kwao: msingoje mpaka siku ya safari kumwambia nahodha, wala msingoje mpaka siku ya mechi kumwambia mjomba. Aliyesema mapema husikilizwa pande zote mbili. Mjomba anayeelezwa kwamba Jumamosi ile mpwa wake ana mchezo wa kuingia fainali aghalabu atauliza ni dhidi ya nani, na mwisho atasema nenda, uje Jumapili. Wengi wao walicheza mpira ujanani mwao kule kule Mgeta, katika viwanja vya mteremko ambako mpira ukitoka nje hufuatwa bondeni nusu saa.

Nimewaomba wazee wa kata chache za Mgeta waniandikie tarehe za matambiko na ngoma wanazozikusudia hadi mwishoni mwa Desemba, nao wamekubali. Vyuo vitakapofunguliwa nitazipeleka mwenyewe kwa maofisa wa michezo wa Sokoine na Mzumbe, wazibandike kando ya ratiba ya mechi, na wazee wa Kinole, Matombo na Mkuyuni watakaopenda za kwao ziwemo wazilete hapa ofisini kabla ya mwisho wa Septemba.