Mashine ikituuliza, ituulize vile tunaelewa

Ndugu vijana wa Baraka na wa Fizi yote,

Munajua ile tabia ya kugonga "ndiyo" bila kusoma. Tuko nayo sisi wote. Leo tunasema namna ilimugharimu mwenzetu mumoja, na kwa nini tunaona hii ni shida ya haki, hapana ya mafundi peke yao.

Mwenzetu alikuwa anaandika TFC yake ku ordinatere ya sekretaria moja hapa mujini. Ile mashine inatumika na Ubuntu, juu ni ya bure. Siku moja ikajaa. Kijana wa kazi akatafuta kitu cha kutoa, akaona Python, akasema: hii hatuitumii. Apt, ile programu inayoingiza na kutoa programu zingine, ikamuonyesha orodha ndefu ya majina kwa Kiingereza, kisha ikauliza kama iendelee: [Y/n]. Ile Y kubwa maana yake ukigonga kifungo cha kukubali bila kuandika kitu, umesema ndiyo. Akagonga. Kumbe vitu vingi vya ile mashine vinasimama juu ya Python, na vyote vilikuwa ndani ya ile orodha. Walipoiwasha tena, wakakuta kioo cheusi na maandishi tu.

Wakasema kazi imepotea. Wakaita mutu, akafuta mashine yote na kuanza upya. Hapo ndipo TFC ilikufa kweli. Mbele ya hapo ilikuwa bado nzima, maana apt ilitoa programu, haikugusa maandishi ya mutu. Mustari mumoja tu, "mafaili yako yako salama", ungeokoa miezi ya kazi.

Wengine watasema ni ujinga wa yule kijana. Tunakataa. Mwaka 2021, Linus Sebastian wa Kanada, mutu anayeishi na kazi ya ordinatere na kufuatwa na mamilioni ku YouTube, alikuwa anaingiza Steam ku mfumo wa Pop!_OS. Apt ikamuonya, ikamuomba aandike sentensi nzima ya kukubali. Akaiandika, na mashine ikabaki bila madirisha. Kama yeye alinaswa, sisi tunaosoma Kiingereza kwa kubahatisha tutapona namna gani?

Lakini watengenezaji hawakusema tu "ungesoma". Waligeuza apt, isikubali tena kwa urahisi kutoa vitu vya lazima. Na mwaka 2025 ikatoka apt 3.0, yenye orodha iliyopangwa vizuri na vinavyotolewa kwa rangi nyekundu. Kwa hiyo ujumbe unarekebishika, mutu akiamua.

Inabaki lugha. Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na inasema Serikali iziendeleze. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004. Si ndoto, ni kazi.

Na hii haiishie ku sekretaria. Tangu 2018 tunachagua viongozi mbele ya kioo cha mashine. Pesa zetu ziko ndani ya telefone. Kila siku mashine inatuuliza: unakubali? Mutu anayekubali kitu asichoelewa hajakubali kitu.

Tunaomba hivi:

Kwa wanaotengeneza programu: ujumbe useme mambo matatu: nini kinatoka, nini kinabaki, na mutu afanye nini kama alikosea.

Kwa wenye sekretaria: kabla ya kufuta mashine, kopesha kwanza mafaili ku kilé.

Kwa viongozi wa elimu: mwanafunzi afundishwe kusoma onyo, hapana kuandika barua tu.

Na kwa sisi wenyewe, wenye diploma bila kazi: ujumbe wa apt uko wazi kwa kila mutu, ndani ya mafaili ya tafsiri. Hakuna mwenye kutukataza kuutafsiri. Tuko na Kiswahili, na muda, kwa bahati mbaya, tuko nao mwingi. Tuanze na ile mistari kumi inayoogopesha watu zaidi.

Ubuntu maana yake ni utu. Basi mashine yenye hilo jina ianze kuongea na watu.